Ukili wa Mize

Kila hasira zilipompanda, Zuwena aliacha alichokuwa akifanya, akaketi uani na kusuka ukili wa mkeka. Mikono ikiwa na kazi haimfikii mtoto, na ulimi nao hutulia. Jumatatu alisuka pima nzima, urefu wa mikono miwili iliyotanuliwa, kwa sababu binti yake wa miaka mitano, Mize, alimnyoa masharubu paka wa jirani.

Leo jirani mwenyewe, Bi Hidaya, alikuja kurudisha mbuzi ya kukunia nazi, akauona ukili umekunjwa mviringo, mkubwa kama gurudumu la baiskeli.

"Mwenzangu, una oda ya mkeka?"

"Sina oda. Nina Mize."

Bi Hidaya alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi usiuuze. Ulalieni wenyewe."

Alipoondoka, Zuwena alibaki akitabasamu. Nguo zilishaanikwa, tui lilishakamuliwa, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipiga kelele.

Mara Mize akatoka jikoni, akaurudisha mlango nyuma yake, akaja kwa adabu ambayo si yake. Aliubeba ukili kwa shida, akamwekea mamake mapajani, akamtia ncha yake vidoleni.

"Mama, suka kwanza."

"Kuna nini?"

"Wewe suka. Ukifika hapa nitakwambia." Akatanua mikono yote miwili mpaka mwisho.

Zuwena alibana midomo asicheke, vidole vikaanza kazi. Nyuma ya Mize, chini ya mlango wa jikoni, kijito cheupe kilikuwa kikichuruzika polepole kuelekea uani.