Sheria ya Parachuti

Kwenye kibanda chetu cha gemu za ndege za kivita pale Sofu, rubani akisharuka kwa parachuti hapigwi. Sheria hiyo aliiweka Castory.

Ni Castory huyohuyo aliyetangaza jana, watu wote wakisikia, kwamba kaka yangu ni mwoga. Kaka ni rubani wa kweli. Anatembelea magongo tangu aruke kwa parachuti kutoka kwenye ndege inayowaka.

Leo ndege ya Castory ndiyo iliyowaka, na aliyeichoma ni mimi. Kidole gumba chake chenye jasho kikabonyeza kitufe cha kuruka. Parachuti jeupe likafunguka kwenye skrini.

Nikamwelekezea mzinga.

"Acha hizo, dada! Sheria ni sheria!"

"Rudia ulivyomwita kaka yangu."

Akafungua mdomo. Sikumsubiri.