Bangi Kwenye Matete

Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025. Mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukabaki.

Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Kijiji kizima kilifyeka bonde huko Nkungu, kikikaribia matete ambamo Védastine alificha bangi yake. Yeye alikuwa mbele ya wote.

"Maman, leo unafyeka kama binti wa miaka makumi mbili," mkuu wa kijiji alimtania.

Angenyamaza, angekamatwa jirani yake mjane, mwenye shamba lililopakana na matete hayo.

Védastine alisali kimoyomoyo, hofu ikamtoka. Akang'oa shina la kwanza, akaliinua juu. Utomvu ulimnata vidoleni.

"Hii ni yangu, si ya muntu mwingine," alisema. Mapanga yakatulia. "Nitang'oa yote mbele yenu, kisha nitaenda polisi kwa miguu yangu. Mungu amesikia, na ninyi mumesikia."