Mkate wa Mtama

Mwanamkasi alizunguka maduka yote ya mji, ngano hakuna. Na mama mkwe wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka kwenye homa, hakutamani kitu ila mkate. Basi asubuhi hiyo alisaga mtama, akaukoroga kwa tui na hamira, akauoka kwa makaa chini na juu. Ulitoka mzuri, unanukia iliki.

Adhuhuri mumewe, Shaibu, alirudi kutoka shambani, akauona mkate mezani. "Mtama umeupata wapi?"

"Kwenye kile kigunia cha uvunguni."

"Ile ni mbegu, mke wangu! Imetiwa dawa ya wadudu."

"Niliona punje zina wekundu," alisema Mwanamkasi. "Nikaosha mara tatu, mpaka maji yakawa safi."

"Mama amekula?"

"Vipande viwili. Akanishukuru, akasema usingizi unamchukua."

Shaibu aliita, "Mama," kwa sauti ndogo, kama anayeogopa jibu. Wakaelekea chumbani bega kwa bega. Kabla hawajaufikia mlango, walisikia kikombe kikianguka ndani, kikabingirika taratibu sakafuni, kisha kikatulia.