Kisanduku cha Mbarouk

Kompyuta ya marehemu Mbarouk, kila ikiwashwa, ilikwama kwenye kioo cheusi kwa kitambo, ndipo iendelee. Mama yake, Bi Mwanakombo, alimwita fundi Hemedi aitazame, maana alitaka picha za mwanawe na hakujua pengine pa kuzitafuta.

Hemedi aliiwasha, akasoma maandishi kiooni, akabofya hapa na pale.

"Haina ugonjwa, mama. Inasubiri diski ya nje, kile kisanduku kidogo cheusi alichokuwa akichomeka hapa ubavuni. Picha zote alizitia humo. Kiko wapi?"

Bi Mwanakombo alikaa kitandani taratibu. Kisanduku hicho Mbarouk alitembea nacho kwenye mfuko wa koti. Na koti, pamoja na nguo zake zote, Bi Mwanakombo alimpa mwosha maiti siku ya mazishi, kama ilivyo ada. Mifuko hakuipekua. Haki ya mwosha haipekuliwi.

"Niizuie isikisubiri tena?" Hemedi aliuliza. "Itawaka upesi."

Bi Mwanakombo aligeukia dirishani. Nje ya dirisha mwosha alikuwa akipita kwenda sokoni, koti la Mbarouk limemkaa sawasawa. Alimwona Bi Mwanakombo, akampungia mkono kwa adabu. Mifuko ya koti ilikuwa imelala bapa.