Vanishi ya Idd

Kombo, mpuliza dawa, alitua bomba lake mlangoni, akainama, akagonga mguu wa kitanda. Ulilia kama debe tupu.

"Dada, mchwa hawa hawakuanza leo," Kombo alimwambia mwenye nyumba, Mize.

"Mbona kinang'aa? Kila Idd nakipaka vanishi mwenyewe, wageni wasije wakatucheka."

"Basi kilichobaki ni hiyo vanishi."

Kitandani alilala mama yake Mize, aliyekuwa hajiwezi tangu apooze. Kombo alibonyeza ule mguu kwa kidole gumba ili amwonyeshe Mize. Kidole kikazama chote. Kitanda kikainama upande. Mize akadaka pembe ya kichwani, Kombo ya miguuni, na vumbi la mbao, kavu kama mchanga, likaanza kumwagika sakafuni.

"Tumnyanyue!"

"Kwa mikono ipi, dada? Tukiachia tu, kinaanguka."

Mize aliwaita majirani kwa sauti yake yote. Lakini nje mafundi walikuwa wakijenga ghorofa jingine, na mashine ya zege ikaimeza sauti hiyo.

Mama akafumbua macho, akasikiliza lile vumbi likidondoka.

"Mize," akasema, "kaanue nguo. Mvua hiyo."