Mbuzi Aliyeishuku Mijohoro kwa Vumbi

Haki ya Mungu, haya niliyaona mwenyewe, na kukiwa na neno moja la uongo nipofuke hapa hapa.

Pembeni mwa barabara ya malori kulikuwa na safu ya miti ya mijohoro, mirefu mpaka mwezi unaikwepa. Nyuma yake aliishi Bata na mwanawe mwenye kifua kibovu. Jirani yao Mbuzi alishuku kila kitu. Hata kivuli chake alikiuliza kinamfuata kwa nini.

Siku moja Mbuzi akatikisa tawi, vumbi likamwagika.

"Mama Bata, anayemkohoza mwanao ni huyu hapa."

Kuchakulo, kindi aliyeishi matawini humo, akachungulia toka juu. "Mzee Mbuzi, hilo ni vumbi la malori. Majani yanalidaka lisimfikie mtoto."

"Wewe umepanga humo, lazima umtetee mwenye nyumba. Aliyekutwa na vumbi mwilini ndiye mwenye vumbi."

Bata alihofia afya ya mwanawe, akakubali. Mbuzi akaita ukoo mzima, wakapandiana migongoni, wakala majani yote mpaka kileleni.

Kesho yake malori yalipopita, vumbi likaingia moja kwa moja. Mtoto akakohoa mpaka sauti ikakauka. Bata akatoka mbio, akamkuta Mbuzi mweupe kama gunia la unga. Akamtikisa, vumbi likamwagika.

"Kumbe ni wewe."

"Mama, hili limetoka barabarani."

"Kuchakulo naye alisema hivyo hivyo jana. Ulimwamini?"

Akambeba mwanawe, wakamfuata Kuchakulo, aliyekuwa ameshahamia kwenye mijohoro ya mtaa wa pili. Mbuzi naye wakamkataza kusogea huko.

Ila haya yaishie hapa, msimwambie mtu. Mbuzi bado anazunguka anakohoa, anauliza nani anamsema.