Kijitaa cha Mzee Shemdoe

Zama hizo kila mtu alifungwa kijitaa nyuma ya sikio, nacho kiliwaka kijani kila ubongo ulipoonja raha. Cha Mzee Shemdoe kilizimika siku alipomzika mkewe. Daktari alimwambia dopamini yake, kemikali ya raha ubongoni, imegoma, akampa vidonge, akamwita mgonjwa mwingine.

Sasa bintiye, Mwanahamisi, alikuwa amemleta mjukuu wa kwanza, aliyepewa jina la marehemu. Desturi ilitaka babu ampakate mtoto, wakwe waione taa ikiwaka, ndipo watu wale chakula.

Mzee akampokea. Akamnusa utosini, akamwita mke wangu mdogo. Taa kimya. Pilau likaanza kupoa.

"Mhamishie mkono wa pili, mkwe," alisema Bi Zawena, mama mkwe wa Mwanahamisi. "Labda huo umekufa ganzi."

Watu wakacheka. Mwanahamisi hakucheka. "Baba, jitahidi basi," alinong'ona, machozi yakimlenga.

Aibu ikampanda mzee, akafoka. "Mnanitumbulia macho mimi? Watumbulieni wakubwa waliotufunga makorokoro haya! Mke wangu kafia kwenye foleni ya hospitali, wao wanapima raha za watu! Matumbo kama magunia! Laiti wangeoza mmoja mmoja, nikiwaona!"

Hakuna aliyecheka tena. Mzee akainamisha macho, akaona shali jeupe la mtoto limegeuka kijani.

Mwanahamisi akamchukua mwanawe taratibu. Mzee akakiziba kijitaa kwa kiganja, lakini mwanga ukapenya katikati ya vidole.